Dola Milioni 350, na Kombe Hakuna

Wasee, leo tuongee besiboli. Najua wengi wenu mlinifuata kwa sababu ya video za EPL, na besiboli kwenu ni ule mchezo wa kwenye sinema ambapo mtu anagonga mpira na kigongo halafu anakimbia kuzunguka uwanja. Nivumilieni kidogo. Sijaona ligi inayofundisha mtu kuhusu pesa kama hii ya Marekani, MLB, na kuna swali moja ambalo nimelizungusha kichwani kwa muda: mbona timu zinazomwaga pesa nyingi zaidi huwa zinakosa ubingwa?

Tuanze na mfano wa aibu zaidi. Mwaka wa 2023 timu ya New York Mets, ambayo mwenyewe ni bilionea anaitwa Steve Cohen, ilikuwa na mishahara ya karibu dola milioni 350. Hakuna timu ya besiboli iliyokuwa imewahi kulipa hivyo kabla ya hapo. Halafu ligi inatoza kodi timu zinazopita kiwango fulani cha mishahara, kwa hivyo ongeza kama dola milioni 100 nyingine. Walikuwa na warushaji wawili wa hali ya juu, Max Scherzer na Justin Verlander, kila mmoja kwa dola milioni 43 na ushei kwa mwaka. Matokeo? Mechi 162, wakashinda 75, wakapoteza 87. Hata mechi za mtoano hawakufika. Msimu ukiwa bado unaendelea wakawaachilia wote wawili, Scherzer akaenda Texas Rangers na Verlander akarudi Houston Astros, na Mets wakakubali kulipa sehemu kubwa ya mishahara yao wakichezea watu wengine. Na kombe la mwaka huo lilienda wapi? Texas Rangers.

Ukisikia hiyo hadithi, jibu la haraka ni lile la baa: "Pesa sio kila kitu." Kila mtu anatingisha kichwa, tunaendelea na maisha. Mimi hilo jibu silikubali. Ni jibu tamu lakini linaficha mambo, na mtu akilichukua vile lilivyo anaweza kufanya uamuzi mbaya sana na pesa za watu. Nitawaonyesha kwa nini nasema hivyo, na mwisho nitawaambia mbona jambo hili limenishika hata mimi ambaye sijawahi kushika mpira wa besiboli.

Kwanza elewa vile mchezo wenyewe unagawa kazi. Kwenye kandanda ukiwa na Messi, unampa mpira wakati wowote. Dakika ya 85 mambo yamekwama, mtafute yeye. Besiboli haikubali hivyo. Wapigaji ni tisa na wanafuata foleni. Hata kama umemlipa mpigaji wako kuliko mtu yeyote duniani, zamu yake ikiisha anarudi kuketi na kungoja wenzake wanane wapite ndio afikiwe tena. Mechi nzima atapata zamu nne, labda tano. Na kwenye hizo zamu, mpigaji anayeitwa mkali ni yule anayefaulu kugonga vizuri mara tatu kwa kumi. Mara saba anarudi kwenye benchi mikono mitupu, na bado tunamuita nyota.

Mrushaji naye ni vivyo hivyo. Mkono wa binadamu haukuumbwa kurusha mpira kwa kasi ile kila siku, kwa hivyo anayeanza mechi leo ataanza nyingine baada ya siku tano au sita hivi. Yule Scherzer wa milioni 43, hata akiwa mzima msimu wote, ataanza kama mechi 30 kati ya 162. Hizo zingine 130 yeye ni mtazamaji kama wewe, ni vile tu yeye analipwa na ana kiti kizuri.

Ushahidi wa hii kitu ni Los Angeles Angels. Kuanzia 2018 hadi 2023 walikuwa na Mike Trout na Shohei Ohtani kwenye timu moja. Hiyo ni kama uwe na wachezaji wawili bora wa kizazi chako, na mmoja wao, Ohtani, anarusha na pia anapiga, kitu ambacho watu walidhani kiliisha enzi za Babe Ruth. Trout alipewa kandarasi mpya mwaka wa 2019, miaka 12, dola milioni 426 na nusu. Misimu sita pamoja. Wamefika mtoano mara ngapi? Sifuri.

Sasa tuongee kuhusu kununua jana. Hili ndilo kosa ambalo matajiri wanarudia kila mwaka.

MLB ina kanuni kwamba mchezaji akiingia ligi kuu, timu yake inammiliki kwa takriban misimu sita ya kwanza. Mishahara ya mwanzo ni midogo ukilinganisha na kazi anayofanya. Ni baada ya hapo ndio anakuwa huru kwenda sokoni na kuuzwa kwa anayelipa zaidi. Fanya hesabu: kijana anaingia na miaka 22, 23, 24. Akipata uhuru yuko karibu 30. Na mwili wa mchezaji wa besiboli kwa kawaida hufika kilele chake kabla ya hapo, kwenye ile miaka 26 hadi 29. Kwa hivyo sokoni pesa kubwa inalipia sifa za miaka iliyopita, na mchezaji anakuja na magoti ya miaka inayokuja.

Albert Pujols alichezea St. Louis Cardinals misimu 11. Alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mara tatu, akashinda ubingwa mara mbili, 2006 na 2011. Baada ya huo ubingwa wa pili Angels, ndio hao hao, wakamchukua kwa miaka 10 na dola milioni 240. Alikuwa anakaribia miaka 32. Wakati wote aliokaa Angels timu ilifika mtoano mara moja, mwaka wa 2014, na Kansas City Royals wakawapiga 3-0. Ina maana kwa hizo milioni 240, ushindi wa mechi za mtoano ulikuwa sufuri. Je, walijifunza? Desemba 2019 wakampa Anthony Rendon miaka saba, dola milioni 245. Rendon alikuwa ametoka tu kushinda ubingwa na Washington Nationals. Majeraha yakamuandama, na kati ya 2021 na 2024 hakuna msimu hata mmoja aliofikisha mechi 60.

Huyo Verlander wa Mets pia, walimnunua akiwa ametoka kushinda ubingwa wa 2022 na Astros na tuzo ya mrushaji bora. Alikuwa anaingia miaka 40. Unaona mtindo? Mtu tajiri anaona kombe kwa mwenzake, anaenda kumchukua aliyelishika, akidhani kombe limekwama kwa vidole vyake.

Sasa hapa ndipo naomba mnipe dakika mbili za hesabu. Nilisoma takwimu chuoni mwaka mmoja na nusu kabla niache, na hii ni moja ya hesabu chache ambazo bado natumia.

EPL, bingwa ni aliye juu ya jedwali baada ya mechi 38. Hakuna fainali. Kama wewe ni bora, una muda wa kuthibitisha. MLB hawafanyi hivyo. Zile mechi 162 ni za kutafuta tiketi tu. Tangu 2022 timu 12 zinaingia mtoano, halafu kila kitu kinaanza upya: raundi ya kwanza ni ya mechi tatu, ya pili ni ya tano, halafu mbili za mwisho ni za mechi saba saba. Timu mbili bora kila upande zinaruka ile raundi ya kwanza.

Na besiboli ni mchezo ambao tofauti ya mkali na mnyonge ni ndogo. Timu kali kabisa inashinda mechi kama sita kwa kumi. Timu mbovu ya kawaida inashinda nne kwa kumi. Sasa ukifika mtoano unakutana na wakali wenzako, kwa hivyo tuseme wewe ni bora kuliko kila unayekutana naye, na kila mechi una nafasi ya 55 kwa 100. Umeruka raundi ya kwanza. Series ya mechi tano utaishinda mara 59 kwa 100 hivi. Ya mechi saba, mara 61. Lazima ushinde ile ya tano na zote mbili za saba. Zidisha hizo tatu pamoja, unapata kama 22 kwa 100.

Soma tena. Wewe ni bora kuliko kila mtu aliyebaki, na bado mara 78 kwa 100 utaenda nyumbani unalia.

Ndio maana mwaka wa 2022 Los Angeles Dodgers walishinda mechi 111, halafu wakatolewa 3-1 na San Diego Padres, timu ambayo ilikuwa imemaliza mechi 22 nyuma yao. Mwaka uliofuata wakashinda mechi 100 wakatolewa 3-0 na Arizona Diamondbacks walioshinda 84. Upande ule mwingine, 2006 Cardinals walishinda mechi 83 tu za msimu na wakachukua ubingwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 2002. Oakland Athletics, wale wa ile filamu ya Moneyball, walikuwa na mishahara ya karibu dola milioni 40. New York Yankees walikuwa na takriban milioni 125. Wote wawili walishinda mechi 103. Maskini na tajiri, idadi moja. Halafu mtoano ukaanza, Oakland wakatolewa na Minnesota Twins, Yankees wakatolewa na Angels, wote kwenye series yao ya kwanza. Filamu inakuonyesha akili ikishinda pesa. Lakini ukiangalia Oktoba ya mwaka huo, akili na pesa zote zilipanda ndege kurudi nyumbani wiki moja.

Kwa hivyo kama ni bahati, mbona tusikubali tu yaishe? Kwa sababu kuna sehemu ya mwisho, na hii sio bahati. Ni mashimo.

Mets tena. Desemba 2024 Cohen alimsaini Juan Soto kwa miaka 15, dola milioni 765. Hakuna mwanamichezo wa timu aliyekuwa amesikika na kandarasi ya ukubwa huo. Na sikia hii vizuri: Soto hakuzembea. Msimu wa 2025 aligonga mpira nje ya uwanja mara 43 na kuiba vituo mara 38. Alifanya alichonunuliwa kufanya na zaidi. Katikati ya Juni Mets walikuwa na rekodi bora kuliko timu zote za ligi. Halafu warushaji wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine, huyu mgonjwa, yule amepoteza makali, na waliobaki hawakuweza kuziba. Siku ya mwisho ya msimu walihitaji kushinda Miami Marlins. Wakapigwa 4-0. Wakamaliza 83 kwa 79, sawa kabisa na Cincinnati Reds, na Reds wakaingia kwa sababu walikuwa wamewashinda Mets walipokutana wao kwa wao.

Padres wa 2023 walikuwa hivyo pia. Nyota wanne, Machado, Tatis, Bogaerts na huyo huyo Soto, mishahara ya kama robo bilioni ya dola. Mechi zilizoamuliwa kwa alama moja tu walishinda 9 wakapoteza 23. Mechi zilizoenda muda wa ziada walishinda 2 wakapoteza 12. Yaani siku ambayo mambo ni rahisi walikuwa wanapiga watu kumi bila. Siku ambayo inabidi mtu wa chini, yule jina lake hulijui, alete kitu kidogo, hakukuwa na kitu. Bahati ilikuwa na mkono wake hapo, sikatai. Lakini ukiweka pesa zote kwa watu wanne, lazima uwe na watu ishirini na kitu waliookotwa kwa bei ya kutupa.

Najua kuna mtu tayari ananiandikia: "Na Dodgers je?" Sawa. Dodgers wamechukua 2024 na 2025 mfululizo, na hakuna timu ilikuwa imefanya hivyo tangu Yankees wa 1998 hadi 2000. Na Dodgers ndio matajiri wa sasa. Ohtani kwa dola milioni 700, Yoshinobu Yamamoto kwa milioni 325, ukijumlisha mishahara na kodi ya 2025 unapita dola milioni 500. Kwa hivyo pesa imeshinda?

Imeshinda, lakini angalia vile imeshinda. Kwanza, Dodgers walioshinda ubingwa hawakuwa wale wa mechi 111. Wa 2024 walishinda 98, wa 2025 walishinda 93. Timu zao kali zaidi kwenye karatasi zilitolewa mapema. Walichofanya ni kurudi. Wamekuwa mtoano kila mwaka tangu 2013. Ukiwa na nafasi ya 20 hivi kwa 100 na unarudi kila mwaka, siku moja itaitika.

Pili, angalia ile fainali ya 2025 dhidi ya Toronto Blue Jays. Mimi niliitazama yote, na kwa saa za hapa kwetu hiyo ni kazi ya wachawi. Mechi ya tatu ilianza saa tisa usiku, ikaenda raundi 18 badala ya 9, ikaisha karibu saa nne asubuhi. Mathe alipita sebuleni akienda kazini, akaniangalia, akatingisha kichwa. Kwenye ile mechi Dodgers waliishiwa na warushaji kabisa, na aliyewashikilia raundi nne za mwisho bila kuruhusu alama ni Will Klein, kijana ambaye hata mashabiki wao wengi hawakuwa wanamjua.

Mechi ya saba ndiyo ilinimaliza. Ohtani, mtu wa milioni 700, alianza kurusha na raundi ya tatu akagongwa mpira mmoja ulioleta alama tatu. Dodgers wako nyuma. Nani aliwarudisha? Raundi ya nane ni Max Muncy, ambaye mwaka wa 2017 Oakland walimwachilia na Dodgers wakamchukua kwa kandarasi ya timu za chini. Raundi ya tisa, wamebakisha mtu mmoja au wawili waende nyumbani, ni Miguel Rojas, mzee wa miaka 36 anayejulikana kwa kudaka, sio kwa kupiga. Akaupeleka nje ya uwanja. Raundi ya 11 ni Will Smith, ambaye walimchagua wenyewe mwaka wa 2016 na kumlea. Na Yamamoto wa milioni 325, sawa, alifanya maajabu, alirusha siku mbili mfululizo na kushinda mechi tatu za fainali. Sitaki kudanganya kwamba nyota hawana maana. Lakini toa Muncy na Rojas hapo, hao nyota wote wanapanda ndege mikono mitupu kama wale wa 2022.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Pesa inanunua nafasi nyingi. Haiwezi kununua ile siku yenyewe. Na timu tajiri zinazofeli kila mara ni zile zinazotumia pesa kana kwamba zinanunua ile siku: jina moja kubwa, mwaka mmoja wa lazima, na chini yake mashimo.

Na wale wanaosema basi afadhali usitumie? Waangalie Pittsburgh Pirates. Ni moja ya timu zinazotumia kidogo, mwaka baada ya mwaka. Kati ya 1993 na 2012 walipoteza zaidi ya walivyoshinda misimu 20 mfululizo. Ubingwa wao wa mwisho ni wa 1979. Hakuna anayeandika makala ya kuwacheka kama Mets kwa sababu kushindwa bila kutumia pesa hakushtui mtu. Ni kimya tu, miaka inapita.

Sasa nikwambie mbona hili limenishika.

Nilipoitwa chuo, familia yetu ilifanya kile kitu mnakijua. Mjomba alichukua mkopo wa sacco. Mathe akapokea zamu yake ya chama mapema. Watu wa kanisa wakachanga. Pesa zote zilienda sehemu moja: karo yangu. Nilikuwa wa kwanza kwetu kufika chuo, na siku ile ya kuagwa mzee mmoja alisimama akasema mimi ndiye nitabeba nyumba yote. Watu wakapiga makofi.

Karo ya mwaka wa kwanza ililipwa yote. Kilichokuwa hakijapangwa ni kila kitu kingine. Kodi ya chumba. Chakula. Nauli. Pesa ya kuchapisha kazi. Laptop nilikuwa naazima kwa jirani, na jirani naye ana kazi zake. Kufika mwaka wa pili mjomba akapunguzwa kazini, na hakukuwa na mpango wa pili kwa sababu mpango wa kwanza ulikuwa ni mimi. Mitihani nilikuwa napita. Nilikuwa na alama nzuri kwa takwimu mpaka siku nilipofunga begi. Ndio maana nikisoma kuhusu msimu wa Soto, 43 nje ya uwanja na timu iko nyumbani, namuelewa huyo jamaa bila kuambiwa.

Leo ninaishi kwa hizi video na makala, na sio vibaya. Sijaandika haya ili nihurumiwe. Nimeandika kwa sababu dada yangu mdogo amemaliza kidato cha nne, amepata alama za kwenda chuo, na kuna kikao cha familia kinakuja. Na tayari nimesikia sentensi inayozunguka. Haisemwi mbele yangu, lakini kwetu kuta ni za mabati. "Tulishachoma pesa na huyu wa kwanza. Chuo ni hasara. Huyu atafute kitu kidogo."

Hiyo ndiyo ile sentensi ya baa. "Pesa sio kila kitu." Tumetumia, tumekosa kombe, kwa hivyo kutumia hakufanyi kazi. Watu wazima, wenye akili zao, wanaangalia Mets na kuamua kuwa Pirates.

Siwalaumu. Mjomba bado analipa ule mkopo, na mtu anayelipa mkopo wa kitu ambacho hakionekani ana haki ya kuwa na uchungu. Lakini hesabu haiko hivyo. Kilichofeli ni kuweka kila shilingi kwa karo ya mtu mmoja na kuacha mashimo kila mahali, halafu kungoja huyo mtu mmoja alete kombe mwaka huo huo. Ukibadilisha mpango, hizo hizo pesa, hata zikiwa kidogo, zinafanya kazi tofauti.

Kwa hivyo nitaenda kwa hicho kikao na karatasi. Karo ya dada ilipwe muhula kwa muhula, sio yote mara moja. Kodi ya chumba na chakula ziandikwe kwenye bajeti kabla ya karo, sio baada. Laptop ya mitumba inunuliwe kwanza, hiyo nimesema ni mimi, na tayari nimeweka zaidi ya nusu. Kuwe na pesa kidogo kwa simu ya mathe ambayo haiguswi mpaka mtu aumwe au apoteze kazi. Na binamu yetu anayetaka kusomea ufundi wa bomba asisahaulike ati kwa sababu jina lake halipigiwi makofi. Kila nikimfikiria huyo naona Rojas.

Na kitu cha mwisho nitawaambia, na hiki ndicho kigumu, ni kwamba hata tukifanya yote sawa inaweza kukataa. Dodgers wa mechi 111 walifanya yote sawa. Dada yangu anaweza kumaliza na akakaa mwaka mzima bila kazi. Hiyo haitakuwa na maana kwamba tulichoma pesa. Itakuwa na maana kwamba huo haukuwa mwaka wetu, na kama hatukumaliza kila kitu kwa mwaka mmoja, tutakuwa na uwezo wa kurudi mwingine.

Sijui kama mjomba atanisikiliza. Atauliza hawa Dodgers ni watu wa wapi, na itabidi nianze mbali sana. Kama kwenu mmewahi kukaa kikao kama hicho, niambieni mlianzia wapi.